Mwanamke Aliyetoka Barafuni

Nyumba ya Domicelė ilijulikana kijiji kizima cha Paberžupis kwa jambo moja: ukiingia na njaa huondoki nayo, na ukiingia na umbea huondoki nao pia. Vyote unaviacha mezani kwake. Alikuwa mjane mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya mto, na siku ambayo hakuna mgeni aliyesukuma mlango wake aliihesabu kuwa siku ya ugonjwa. Kwa hiyo gari lilipoleta jeneza la mama yake kutoka Siberia, watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya mapipa ya kabichi barazani.

Vuli ile ya mwaka 1989 Lithuania nzima ilikuwa inarudisha wafu wake. Miaka yote iliyotangulia, aliyepelekwa Siberia ulimtaja jikoni tu, tena maji yakiwa yanachemka ili sauti yako ifunikwe. Sasa woga ulikuwa umelegea, bendera za rangi tatu zimetolewa darini, na ndege zilikuwa zinatua na majeneza ya watu waliokwenda kwa treni za ng'ombe.

Mama yao, Agota, alichukuliwa na askari wa Kisovieti mwaka wa 1941 pamoja na mwanawe Gaudentas, wa miaka mitatu. Domicelė alikuwa amelala kwa bibi yake, ndiyo pona yake. Mama alifia kwenye ufuko wa bahari ya kaskazini, mahali ambapo ardhi haiyeyuki hata kiangazi. Gaudentas alirudi baada ya vita, yatima, mifupa mitupu, haongei. Alipokuja kuongea, aliongea kwa mashairi.

Shairi lake moja ndilo lililomfanya awe Gaudentas anayejulikana: lile la mama mwenye msuko mrefu wa rangi ya kitani, anayemfunika mtoto kwa nywele zake baridi isimpate. Halikuchapishwa. Watu walilinakili kwa mkono, walimu walilinong'ona, watu wa usalama walimwita mara kadhaa wamuulize huyo mama ni nani na hiyo baridi ni ya wapi. Sasa alikuwa anapanda majukwaani, anasoma shairi, kisha anahutubia, na watu wazima wanalia. Februari ijayo kungekuwa na uchaguzi, naye alikuwa anagombea ubunge. Hakuna aliyethubutu kusema atashindwa.

"Umemleta mama," Domicelė alimwambia siku ile jeneza lilipofika, mikono yake ikiwa bado na unga.

"Nimemleta, dada," alijibu Gaudentas, akiangalia viatu vyake.

Domicelė alidhani ni uchovu wa safari. Alimlisha supu ya bitiruti, akamlaza, kisha akachukua ufunguo wa nyumba akaenda kwa nyuki.

Hilo halikuwa jambo la kuahirisha. Kwao nyuki ni watu wa nyumbani. Akifa mtu, lazima aende mmoja wa ukoo, agonge kila mzinga, awaambie nani amefariki, kwa jina. Usipowaambia watakususa, wahame au wafe. Na mizinga ile ilikuwa ya Agota mwenyewe, urithi wa baba yake. Hakuna aliyewahi kuwaambia nyuki kwamba amekufa, maana hakuna aliyekuwa na hakika.

Marcelė, jirani yake, alimfuata akijifunga shali. Marcelė ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo za matanga kata nzima. Mwanamke mkavu kama kuni, mdomo haufungi.

"Waambie vizuri, mwenzangu. Usiwatishe, wakafa na wao ukanipa kazi mara mbili."

Domicelė aligonga mzinga wa kwanza kwa ufunguo, akainama. "Nyuki wangu, mama amerudi. Agota, mwenye nyumba hii. Amekufa ugenini, sasa amerudi alale kwao."

Vuli, nyuki wanapokuwa wamejikusanya kama ngumi ili wapate joto, ukiwagonga hujibu. Ule mvumo mmoja, vuuu, halafu kimya. Kila mfuga nyuki anaujua. Domicelė alibandika sikio kwenye ubao, akasubiri. Hakusikia kitu.

Akaenda wa pili. Akaenda wa tatu. Kimya.

"Wamekufa," alisema Marcelė.

"Juzi walikuwa wanaruka!" Domicelė alifunua kifuniko cha mzinga mmoja. Nyuki walikuwepo, hai, wamesongamana, wanatembea taratibu mmoja juu ya mwenzake. Walikuwa wazima kabisa. Hawakutaka kujibu tu, kama watu wanaokaa mezani ukataja jina lisilohusika.

"Wamelala," alisema Marcelė, lakini alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

"Hawalali hivi, Marcelė."

"Basi wamekasirika. Miaka yote hiyo hukuwaambia, leo unawaendea na ufunguo! Hata mimi ningekununia. Twende, kuna baridi."

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Jeneza lilikuwa limewekwa katika chumba kikubwa, juu ya mabenchi mawili, na jiko lilikuwa linawaka mpaka vigae vyake vinatoa mlio. Lakini kwenye mfuniko kulikuwa na utando mweupe wa barafu, mwembamba kama vumbi la unga. Domicelė aliupangusa kwa aproni. Alipogeuka kuweka mshumaa sawa, ulikuwa umerudi.

Mzee Pranciškus, seremala, aliyekuwa kashakunywa gongo la nyumbani kidogo zaidi ya heshima ya msiba, aliweka kiganja chake pale akakiondoa upesi. "Agota alikuwa anasikia joto sana," alisema. "Kwenye dansi alikuwa anatoka nje kila baada ya wimbo. Huyu amebadilika."

"Wewe ungekaa kwenye barafu muda wote huo usingebadilika?" Marcelė alimkemea. Watu wakacheka, si sana.

Jua lilipoanza kushuka waimbaji walikaa, Marcelė katikati, kitabu cha nyimbo magotini ingawa hajapata kukiangalia. Waliimba vizuri, zile sauti nzito za kijijini zinazokwenda kama mkokoteni kwenye tope. Ikafika pahala pa kumtaja marehemu. Marcelė alivuta pumzi, akaimba:

"Umpumzishe kwa amani mtumishi wako Emilija..."

Wimbo ukakatika.

"Nani?" aliuliza Pranciškus.

Marcelė alijishika mdomo. "Agota. Nimesema Agota."

"Umesema Emilija."

"Nina bibi Emilija? Nina shangazi Emilija? Ulimi umeteleza, mtu mzima huteleza. Tuendelee."

Wakarudi nyuma, wakaimba tena. Walipofika palepale Marcelė alifumba midomo kabisa, kwa makusudi, amwachie Pranciškus amtaje. Pranciškus akafungua kinywa, na besi lake likatoka wazi, taratibu: Emilija. Alijiangalia kifuani kama mtu aliyesikia redio inalia ndani ya koti lake.

Hapo hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa mtaa wa juu alikumbuka kwamba hajakamua ng'ombe, akaondoka.

"Ninyi mmelewa," alisema Domicelė, akasimama mwenyewe mbele ya jeneza. Alikuwa na miaka kumi mama yake alipochukuliwa. Jina hilo alikuwa amelitaja kila usiku wa maisha yake, kwenye sala, kabla ya jina la marehemu mumewe. Alijivuta, akatamka kwa sauti: "Umpumzishe mtumishi wako..."

Alihisi jina la mama yake likipanda kooni. Alihisi likisogezwa pembeni, kwa adabu kabisa, kama mtu anavyokusogeza mlangoni ili apite yeye.

"...Emilija," alisema.

Kutoka kwenye kona kulisikika kiti kikianguka. Gaudentas alikuwa amesimama, uso mweupe kuliko ule utando wa barafu. Alipita katikati ya watu bila kumwomba mtu radhi, akatoka.

Domicelė hakumfuata. Alikwenda kwa nyuki kwanza. Kulikuwa bado na mwanga mwekundu kidogo nyuma ya msitu. Aligonga mzinga wa kwanza, akasema kwa sauti ya chini, "Nyuki wangu, Emilija amekufa."

Vuuu.

Wa pili, vuuu. Hakuhitaji kugonga wa tatu. Mizinga yote ilikuwa inavuma, mstari mzima, mvumo mzito wa pamoja uliopanda hadi ukamwingia miguuni kupitia udongo. Kisha wote wakanyamaza kwa pamoja.

"Dada."

Gaudentas alikuwa amekaa kwenye gogo nyuma ya mizinga. Alikuwa amesikia yote.

"Ni nani Emilija?" aliuliza Domicelė. "Na usinihutubie. Mimi si mkutano wa hadhara."

Alitoa kitu mfukoni mwa koti. Kilikuwa kijiko cha mti, cheusi kwa uzee, na kwenye mpini mtu alikuwa amechonga kwa kisu: Emilija.

"Kilikuwa kwenye mkono wake."

"Kwenye mkono wa nani, Gaudentas?"

Basi akasema. Mzee mmoja aliyebaki kule ndiye aliyewaelekeza alipozikwa mama. Walipofika, hapakuwa na mahali. Bahari hula ule ufuko kila mwaka, udongo unaganda, unapasuka, unaporomoka. Kaburi la mama lilikuwa limekwishaingia majini, nani ajue lini. Wenzake wa msafara walikuwa wamepata watu wao. Ndege ilikuwa inangoja. Watu wa runinga walikuwa wamempiga picha akishuka na sepetu.

"Nikachimba palipobaki. Nikamwona. Dada, alikuwa mzima, kama amelala jana. Na ule msuko. Mrefu, wa rangi ya kitani, umemzunguka mpaka kiunoni. Nikalia. Nikasema huyu ndiye mama, mzee amekosea mahali. Kijiko nilikiona baadaye. Nikasema, labda aliazima. Watu kule walikuwa wanaazimana vijiko."

Domicelė alikaa chini kwenye majani yaliyoganda.

"Mama hakuwa na msuko."

"Nini?"

"Mama alikuwa na nywele nyeusi tii. Na fupi, kama za mvulana. Aliugua homa majira yale ya baridi, bibi akamnyoa, zilikuwa ndiyo kwanza zinaota walipokuja kuwachukua."

"Lakini shairi..."

"Nilidhani ni ushairi! Nilisema, mtoto wa watu, acha ampe mama yake nywele anazotaka. Ninyi washairi si mnamvisha kila mtu mnavyopenda? Ningesimama kanisani niseme Gaudentas, mama yetu alikuwa na kipara?"

Kama isingekuwa siku ile wangecheka. Gaudentas alikuwa anakigeuza kile kijiko, anakigeuza.

"Mimi namkumbuka," alisema polepole. "Ule msuko unanikuna usoni. Una harufu ya samaki. Ananilisha kwa..." Aliangalia kilichokuwa mkononi mwake, kisha akakiweka juu ya mzinga, kwa uangalifu, kama kinaweza kuunguza.

Kutoka ndani ya nyumba walisikia watu wakizungumza kwa sauti za chini na vyombo vikigongana.

"Kwa hiyo mama alikufa mapema," alisema Domicelė. "Na huyu akakuokota."

"Sijui. Nilikuwa mdogo."

"Sasa utafanya nini?"

Hapo mwanasiasa akarudi. Domicelė alimwona akirudi, mabega yakinyooka. "Kesho watakuja watu kutoka Vilnius. Padre, runinga, watu wa vuguvugu la uhuru. Nikisema nimeleta mtu mwingine, unajua Moscow watasemaje? Watasema Walithuania wanaokota mifupa yoyote kwa ajili ya kura. Watatilia shaka kila jeneza lililoteremshwa. Si kura zangu tu, dada. Ni wote. Na huyu... huyu atapata ardhi nzuri, maua, misa. Angekasirika? Amenilisha. Atanielewa. Baada ya Februari nitatafuta ndugu zake, naapa."

"Na mama?"

"Mama yuko baharini, dada. Hata tukisema, yuko baharini. Lakini usiposema, utakuwa na kaburi la kwenda kuwasha mshumaa."

Hilo ndilo lililomnasa. Kila Novemba, watu wote walipobeba mishumaa kwenda makaburini, Domicelė alikuwa anawasha ya mumewe, ya bibi yake, kisha anabaki na mshumaa mmoja mkononi, hajui auweke wapi. Maisha yake yote. Sasa shimo lilikuwa limeshachimbwa, msalaba wa mwaloni umechongwa AGOTA kwa herufi nzuri za Pranciškus.

"Basi," alisema. "Tuzike."

Asubuhi ua ulikuwa umefurika. Bendera, makoti, wazee waliovaa medali ambazo hawakujua kama bado ni halali, gari la runinga limekwama kwenye tope na vijana wanalisukuma kwa matusi ya chinichini. Domicelė hakuwahi kuona watu wengi hivyo kwake, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani waondoke.

Kwao jeneza halitoki nyumbani kimyakimya. Wabebaji wakifika mlangoni huligongesha kizingitini mara tatu, ndivyo marehemu anavyoiaga nyumba yake na waliomo. Pranciškus alikuwa mbele. "Jepesi," alisema, "kama kapu tupu." Wakafika mlangoni, wakaligongesha. Moja. Mbili. Tatu.

Na kutoka ndani ya jeneza, mtu akagonga mara tatu.

Si kwa nguvu. Taratibu, kwa viungo vya vidole, kama jirani anayejua kwamba mpo ndani na hana haraka.

Waliokuwa karibu walisikia, na waliokuwa mbali waliona nyuso za waliokuwa karibu. Hata wale vijana wa gari waliacha kusukuma.

"Nimebeba maiti wengi," alisema Pranciškus kwa sauti nyembamba isiyo yake, "hakuna hata mmoja aliyenijibu."

"Ni mbao," alisema Gaudentas. Ilikuwa ile sauti yake ya jukwaani, tulivu, ya kuaminika. "Mbao za kule zimeingia kwenye joto, zinajinyoosha. Twendeni, jamani."

Wakainua mguu wapite. Jeneza likakataa. Wanaume sita wenye shingo kama za fahali walikuwa wamesimama na kapu tupu mabegani, mishipa imewatoka, jasho linawatiririka katika baridi ile, na hawakuweza kuvuka ubao mmoja wa mlango. Ule utando mweupe ulianza kushuka kutoka kwenye mfuniko, ukapita kwenye vidole vya Pranciškus, ukapanda kwenye mikono ya koti lake.

"Semeni mlichofanya!" alipiga kelele, hajui anamwambia nani. "Kuna mtu kafanya kitu hapa, aseme!"

Domicelė alimwangalia mdogo wake. Alimwona anapima: watu, kamera, Februari. Alijua pia anachopima yeye mwenyewe: ule msalaba, ule mshumaa. Akisema, mama hatakuwa na mahali popote duniani.

Gonga. Gonga. Gonga. Kwa upole uleule.

"Gaudentas," alisema Domicelė. "Sema wewe. Usiposema nasema mimi, na mimi unanijua nikianza simalizi."

Gaudentas alivua kofia. Kwa muda ilionekana kama anatafuta mstari wa kwanza wa shairi, halafu akaachana nao.

"Huyu si mama yangu," alisema. Sauti ya jukwaani haikuwepo; ilikuwa sauti ya kupwaya, ya mtu aliyeamshwa. "Mama yangu ameingia baharini, sikumpata. Huyu anaitwa Emilija. Jina lake la ukoo silijui. Alinifunika kwa nywele zake mama alipokufa, akanipa chakula chake, na mimi nimemwandikia shairi miaka yote hii nikampa mtu mwingine sifa. Nimemleta kwenu kwa jina la uongo. Nilitaka mnichague."

Hakuna aliyetikisika. Kisha Marcelė, ambaye hajapata kuacha ukimya ukae wenyewe, akaanza kuimba. Alipofika pahala pa jina hakusukumwa na mtu. Alilitaja mwenyewe, kwa makusudi, akiwa amemtazama Gaudentas kwa jicho la kumchuna: Emilija. Ua mzima ukaitikia, na wabebaji wakajikwaa mbele, nusura waanguke, maana kilichokuwa mabegani mwao hakikuwa na uzito hata wa kapu.

Walimzika. Pranciškus aliung'oa ule msalaba wake kabla udongo haujakaa, akausimamisha ukutani mwa kanisa, akaahidi mwingine. Wale wa Vilnius waliondoka moja kwa moja kutoka makaburini, hawakuonja hata mkate. Mmoja alimpa Gaudentas mkono. Mwingine alipita kama hamjui.

Lakini wanakijiji walirudi kwa Domicelė, maana sufuria zilikuwa zinangoja na habari ya kuijadili ilikuwa ya mwaka mzima. Meza ndefu ilijaa mwanzo hadi mwisho. Supu ya kabichi, jibini, nyama ya moshi, mkate mweusi, gongo. Walimsema Gaudentas mbele yake bila huruma, kama watu wanavyomsema mtu wao. Naye alikaa kichwa chini, anakula, na Domicelė aligundua hajamwona akila hivyo tangu arudi yatima.

Yeye mwenyewe alikuwa jikoni. Mama hana kaburi. Alikuwa ameliuza kwa maneno machache, na asingeweza kulinunua tena. Alichota bakuli la supu, akasimama mlangoni mwa chumba, asijue ampe nani, kila mtu alikuwa nalo.

Mlango wa nje ukafunguka, ukafungwa. Upepo, mtu angesema. Ukaingia ubaridi, na harufu ya chumvi ya bahari.

Hakuna aliyegeuka. Marcelė alikuwa katikati ya hadithi, mikono hewani. Lakini bila kuikatiza, bila hata kuangalia, alijisogeza kidogo kwenye benchi. Aliyekaa kando yake akajisogeza pia, naye akambana wa pembeni, na Pranciškus akavuta bakuli lake huku akiendelea kutafuna. Walifanya hivyo kama watu wanavyomfanyia nafasi mgeni aliyechelewa, mmoja baada ya mwingine, wala hawakujua kwamba wamefanya. Katikati ya benchi lile lililosongamana mpaka watu wanakula kwa mkono mmoja, pakabaki mahali pa mtu mmoja, mwembamba.

Domicelė alipita nyuma ya migongo yao. Aliweka bakuli pale kwenye nafasi, akalisogeza karibu na ukingo, akaweka na mkate.

"Kula ingali moto, mama," alisema.